Mkate wa Sosamma

Kila asubuhi, kabla hata hajafunga nywele, Kunjeli alifungua dirisha la jikoni akachungulia ng'ambo ya ua, kuona kama moshi umeanza kufuka kwa jirani yake, Sosamma. Ukiwa umeanza, siku yake ilikuwa imeharibika. Yeye ndiye aliyetaka kuwa wa kwanza kuwasha moto, na wa kwanza katika chochote kitokacho jikoni.

Kitu kimoja alikuwa nacho kwa hakika: mkate wa Alhamisi Kuu, ule unaoumegwa nyumbani baada ya sala. Tangu aolewe katika nyumba hii, ndiye aliyesaga mchele na dengu, akabandika msalaba wa kuti la Jumapili ya Matawi juu ya kinyunga, akaupika kwa mvuke bila kusema neno. Waliouonja walibaki kutikisa vichwa kwa utamu. Lakini mwaka huu hakusaga kitu. Baba mkwe alifariki wakati wa mvua, na nyumba yenye msiba haipiki mkate huo. Huletewa.

"Atatuletea Sosamma," mama mkwe, ambaye wote walimwita Ammachi, alisema.

"Sosamma? Wa kwake si wa kujengea ukuta?"

"Ulishauonja?"

Hakuwahi kuuonja. Sosamma alikuwa mjane, wanawe wote wako Uarabuni, na hakuna aliyewahi kumwomba mkate.

Alhamisi jioni akaja, kikapu mkononi, nguo nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, uso unang'aa kama bibi harusi. Ouseph, mume wa Kunjeli, akasali, akaumega mkate, akampa mama yake kwanza, kisha wengine, kila kipande na tui lake la sukari guru.

"Yesu wangu!" mama mkwe akasema. "Laini hivi, na meno yangu haya mawili! Sosamma, ulijificha wapi?"

"Hapo hapo nyuma ya ua, Ammachi. Hakuna aliyenitafuta."

Wakacheka. Ouseph akaomba kipande kingine. Ouseph, ambaye miaka yote alikula wa mkewe kimya kimya! Kunjeli akatia chake mdomoni akiomba kiwe na mchanga. Kilikuwa kitamu. Akakimeza kama dawa. Mwakani msiba utakuwa umeisha, lakini nani atakumbuka wa kwake?

Ijumaa Kuu alifunga huku akiuwaza mkate. Kwenye misa ya Ufufuo, usiku wa kuamkia Jumapili, padri akatangaza kwamba Bwana amefufuka, kengele zikalia, watu wakashikana mikono. Sosamma alikuwa mbele kule, anaimba mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Kunjeli akaona kama hata furaha ya Pasaka imegawanywa, na fungu kubwa limekwenda ng'ambo ya ua.

Kulipokucha, nyama ikinukia nyumba nzima baada ya mfungo ule mrefu, mama mkwe akamtwika kile kikapu, ndani bakuli la mchuzi.

"Mrudishie mwenzio. Upesi, tunakungoja tule."

Sosamma alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mezani nyuma yake palikuwa na sahani moja.

"Heh! Leo umepita mlangoni, dada? Nimezoea kukuona dirishani."

Kunjeli akatazama chini. "Kumbe unaniona?"

"Kila siku. Unafikiri nawasha moto alfajiri yote ile nimpikie nani? Dirisha lako ndilo linaloniamkia. Siku ukichelewa kufungua, nasema leo Kunjeli anaumwa."

Kunjeli akampa kikapu.

"Na ule mkate," Sosamma akaendelea, "miaka yote nimeumega mwenyewe, nikala mwenyewe. Safari hii nikasema Kunjeli akiutema, nahama."

"Ulikuwa mtamu," Kunjeli akasema. Wivu haukuwa umetoka, bado upo pale pale kifuani. "Dengu unaloweka mpaka lini?" akauliza kwa ukali.

Sosamma akaangua kicheko. "Mchawi wewe! Njoo jikoni."

"Kunjeli!" Ouseph akaita kutoka ng'ambo ya ua. "Mchuzi unapoa!"

"Nakuja!"

Akavua kandambili zake mlangoni, akaingia. Kule ng'ambo wakamngoja, wakaita tena, mwishowe wakala bila yeye.