Kigoda Nilichokipigania Kumasi

Nilipoteza kazi kwa sababu ya kigoda. Kigoda cha mbao, kisicho na mdomo wala miguu ya kukimbilia.

Nilikuwa mtembeza wageni kwenye jumba la makumbusho hapa Kumasi, mwaka wa sita. Wageni walinipenda, na nilijua. Tukifika kwenye kigoda cha marehemu chifu, niliwaghania:

"Kilale kisikaliwe, na mzimu mpitaji."

Maana kwetu Waasante kigoda kisicho na mtu hulazwa ubavu. Ukikiacha wima, roho yoyote inayozurura itajikalia.

Akaja mkurugenzi mpya, Bwana Amankwaa. Siku ya kwanza tu, akakisimamisha.

"Kikilala hakipendezi kwenye picha."

Nikakilaza. Akakisimamisha. Wiki mbili nzima tukawa hivyo.

"Tawia, wewe ni mtembeza wageni, si kuhani," aliniambia mbele ya wenzangu.

"Na wewe mkubwa, kwenu ulilelewa na nani, kuku?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kiguse tena, uondoke."

"Waite wenye kigoda. Wakisema kisimame, naacha kazi mwenyewe, hapa hapa."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

Alhamisi akaja Nana Pokuaa, binti wa yule chifu, na fimbo yake. Nikamweleza yote, kifua mbele. Hata ule mstari nikamghania.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye kikalio.

"Mjukuu wangu, kigoda cha baba tulikisugua kwa mchanga na ndimu kila wiki, mpaka kikawa cheupe kama mfupa. Hiki hakijawahi kuonja ndimu."

"Nana, sijaelewa."

"Cha baba kiko nyumbani. Tulikichukua miaka minane iliyopita, tukawaachia hiki kilichochongwa ili kionyeshwe tu. Hakuna makalio yaliyowahi kukikalia. Mzimu utafuata nini hapa? Kisimamisheni, watu wakione vizuri."

Wenzangu wakatazama sakafu. Mkurugenzi akafungua daftari la vitu vya jumba, akaniwekea kidole kwenye neno moja: nakala.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilisoma daftari siku ya kwanza. Wewe miaka sita umekuwa ukighani."

"Ukaniacha nijianike?"

"Ulikuwa unapenda jua."

Nikavua kitambulisho, nikakitupa mezani pake, nikatoka.

Simpendi mpaka leo. Mtu anayekuona unaelekea shimoni, akanyamaza ili akucheke vizuri, huyo ni nyoka.

Lakini nyoka yule hakumdanganya mgeni hata mmoja. Mimi niliwadanganya maelfu, tena kwa sauti tamu.

Basi wewe unayewasimulia watu urithi wao, fumba mdomo kidogo. Kuijua mila ya vigoda vyote si kukijua kigoda kilicho mbele yako. Uliza kwanza kimetoka kwa nani, na mwenyewe yuko wapi.