Ujumbe Ambao Fundi Hakuusikiliza

"Huyo fundi simu kamweka mkewe marehemu ndani ya simu," jirani aliniambia tukianika nguo. "Kila asubuhi anaichaji na kuisalimia. Shoga, peleka kwingine."

Sikupeleka kwingine. Mama yangu aliacha simu yenye sauti zake, na namba ya siri hakumwambia mtu. Fundi huyu ndiye wanayemkimbilia wafiwa.

Haiwashi simu ya marehemu mpaka uandike kwenye kundi la familia: "Naiwasha simu ya mama, msishtuke." Aliwahi kuwasha ya mzee mmoja kimyakimya, ndugu wakaona marehemu yuko hewani. Shangazi mtu akajitoa kundini mpaka leo.

Tulijaribu mwaka wa kuzaliwa wa mama, wa kaka, wangu. Wapi!

"Mjukuu wa kwanza kazaliwa lini?" fundi akauliza.

Nikataja mwaka wa huyu mwanangu wa mgongoni. Simu ikafunguka, nikabonyeza ujumbe wa sauti wa kwanza.

"Wewe, mtoto kala?" Mama huyo! "Na hizo soksi mvue, joto lote hili!" Nikacheka huku machozi yananitoka.

"Umebahatika, mwanangu," fundi akasema. "Mimi ujumbe wangu nimeshindwa kuusikiliza."

Akaishusha rafuni simu yake ya zamani, iliyokuwa kwenye chaji. Mkewe, alisema, alikuwa akikaa pale pale nilipokaa, anaandika majina ya wateja kwenye vikaratasi na kuvibandika nyuma ya simu. Wasumbufu aliwaandika "Kesho Nitakuja". Alikuwa anaimba nusu wimbo tu, nusu ya pili hakuijua, na duka zima likaizoea hivyo.

Siku moja asubuhi waligombana kwa jambo ambalo fundi hata halikumbuki. Mchana mkewe akamtumia ujumbe wa sauti, sekunde kumi na moja. Kabla hajaufungua, hospitali ikapiga.

"Mwaka wa tatu huu. Kama aliondoka na hasira, mwanangu, sitaki kujua. Na kama alinisamehe, basi namnyima nafasi ya kuniambia."

Akafuta kioo kwa shati, akaniwekea simu mkononi pamoja na waya za masikioni.

"Nipe mtoto nimbebe nje kidogo. Nisikilizie wewe. Ukikuta ananigombeza, futa, usiniambie neno. Ukikuta anacheka, niite."