Wakesho Abadilisha Zamu ya Maji

Mwaka wa 1956 nilikuwa nikizunguka milima ya Bura nikiuza vyungu, na nyumba niliyozoea kufikia ni ya Silvanus. Mwenyewe alikuwa kibarua wa reli kule Voi, humpati ila Jumamosi moja moja. Waliokuwa nyumbani ni mkewe Gertrude, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limekataa mlima, na binti yao Wakesho, wa miaka kumi na mitatu. Habari hizi ni za Wakesho.

Kabichi za Gertrude zilinyweshwa na mfereji waliouchimba babu za watu wa kilima kile, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Ya nyumba ya Silvanus ilikuwa alfajiri, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alfajiri ndiyo zamu ya heshima, maana maji ni mengi na jua halijaanza kuyanywa. Lakini usipofika mdomoni mwa mfereji kabla halijachomoza, maji yanakupita, yanakwenda kwa jirani. Basi kwa lile goti la mama, aliyepanda ni Wakesho. Akishanywesha, akimbie shuleni na matope yake miguuni, akute hesabu imekwisha.

Na shule ilikuwa nzuri, sidanganyi. Watu walileta watoto kutoka mbali kwa sababu ya Mwalimu Thadeus. Siku moja nikamuuliza Wakesho hesabu anaziweza namna gani.

"Za Jumanne na Alhamisi nazijua sana, mzee," akasema. "Hizo nyingine hatujakutana."

Mwisho wa Novemba Mwalimu Thadeus akaja na barua. Wakesho amepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Mombasa, na jibu linatakiwa kabla ya Krismasi.

"Shule nzuri tunayo," Gertrude akasema. "Mwalimu mzuri ndiye huyu amekalia kigoda changu. Bweni la nini?"

"Mama Wakesho, mimi nafundisha siku tano. Yeye nampata siku mbili."

"Na maji atafungua nani? Wewe?"

Mwalimu akaiacha barua pale, akaaga. Wakesho alikuwa mlangoni akichambua maharagwe.

Wiki mbili baadaye mvua zikapungua, na watu wakaitwa kuzibua mfereji, maana mvua huujaza udongo. Kila nyumba ina kipande chake, kinapimwa kwa mpini wa jembe. Na desturi yao ni hii: aliyezibua kipande cha nyumba yake ana neno siku ile, na asiyezibua hana, hata awe na mvi namna gani. Nyumba ya Silvanus kwa kawaida ilituma mtu wa kulipwa. Mwaka ule alikuja Wakesho na jembe la baba yake.

Mwandawiro, msimamizi wa mfereji, akamcheka. "Binti Silvanus, hilo jembe linakushinda urefu. Nani anamlimisha mwenzake?"

"Nipimie tu kipande chetu, mzee."

Kilikuwa mipini kumi na minne. Hata mimi mgeni nilipewa jembe, nikarusha tope mpaka mgongo ukanisahau. Wakesho hakuinuka mpaka alipomaliza. Watu walipoketi kupumzika, yeye akasimama.

"Nina neno."

"Siku hizi watoto nao wana neno?" akauliza Elijah, jirani yao.

"Nimezibua kumi na minne, baba. Wewe umefikisha mingapi?"

Watu wakacheka, kwa sababu Elijah alikuwa amefikisha tisa akaanza kutafuta kivuli. Wakesho akangoja wamalize. Kisha akasema anataka zamu yao ya alfajiri ibadilishwe na ya saa sita mchana, siku zile zile.

Hapo kicheko kikaisha. Saa sita maji ni kidogo na jua linachukua nusu yake. Hakuna aliyewahi kuiomba. Zamu hiyo ilikuwa ya huyo huyo Elijah, naye akajiinua pale alipoegemea.

"Mama yako anajua?" Mwandawiro akauliza.

"Nimemwambia kabichi zitapungua. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mchana anaweza kupanda polepole. Alfajiri hawezi."

"Na baba?"

"Atajua Jumamosi."

Mwandawiro akawatazama wenzake. Mtoto amezibua, ana neno. Wakamkubalia.

Jumamosi Silvanus akapanda kutoka Voi, na habari akaipata njiani kabla hajafika kwake.

"Umegawa maji ya babu yako," akamwambia.

"Nimebadilisha, baba. Sikugawa."

Tukaanza kula. Tulipofika nusu ya sahani uso wa Silvanus ukafunguka. "Basi ni sawa. Mama atanywesha mchana, wewe asubuhi uko huru. Utabaki kwa Mwalimu Thadeus usome siku zote tano. Ya bweni tuyaache."

Mimi nikaona shauri limekwisha, tena limekwisha vizuri. Wakesho akaweka tonge chini.

"Baba, nikiwa hapa, siku goti likiuma nitaitwa darasani. Mara moja tu, mtasema. Halafu tena. Nikiwa mbali mtatafuta njia nyingine."

"Mama yako hawezi kukufanyia..."

"Mwache," Gertrude akasema. Alikuwa akilikanda lile goti, hamtazami mtu. "Ningemwita. Jumatatu ya kwanza tu ningemwita."

Silvanus akaomba aletewe ile barua.

Wakesho aliondoka Januari, siku ya Jumatatu, baba yake amembebea sanduku la bati mpaka barabarani, waende wakapande treni Voi. Gertrude aliwaagia mlangoni. Asingeweza kuwasindikiza na kurudi kwa wakati. Tulipofika barabarani nikageuka, nikamwona Gertrude, mdogo kwa umbali, kule juu na fimbo yake, anapanda, anasimama, anapanda. Ilikuwa ndiyo kwanza saa nne, na maji yake ni ya saa sita.