Chungu cha Watu Wanne

Merina alitoka kwenye mkutano wa mtaa kichwa kikimzunguka. Karani Leodgar, kijana mpole asiyeachana na kishikwambi chake, alikuwa amewasomea watu wa mtaa wao hapo Rusimbi matokeo ya hesabu yake: tangu chuo kifunguliwe, wakazi wameongezeka karibu maradufu, na mapato ya kaya yamepanda. Merina akageuka kulia na kushoto kumtafuta aliyepandiwa na mapato hayo. Akamnong'oneza jirani yake Honorata, "Kwako yamepita?" Honorata akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Kicheko kiliisha Leodgar alipomwita pembeni. Kaya yake, alimwambia, imeonekana ina watu wanne na pesa ya kutosha. Kwa hiyo itatolewa kwenye orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa. Msaada huo ndio uliokuwa ukimnunulia dawa za presha.

"Pesa ya kutosha? Mimi? Mwanangu, umeandika nyumba ya watu."

"Bibi, nilikuuliza wanaokula chungu kimoja na wewe ni nani. Ukasema wasichana wote watatu. Wanapokea pesa za kujikimu chuoni, na kwenye hesabu hayo ni mapato ya kaya yako."

Kusema alisema, hakatai. Mtu aliyezaliwa na kulelewa kijijini Mwamgongo angewezaje kumwambia mgeni kwamba watu wanalala kwake na yeye anakula peke yake? Si angeonekana mchoyo! Shadia, Winfrida na Scola walipanga chumba chake cha uani, kodi wakilipa ikipatikana. Pesa zao za chuo zilikuwa zikija na kuyeyuka wiki hiyo hiyo, na siku zote zilizobaki ni ugali wake na dagaa wake. Sasa iweje walaji wamtajirishe mwenye chungu? Alilipindua neno hilo juu chini njia nzima mpaka nyumbani, asione kichwa wala miguu.

Leodgar alikuwa amemwachia upenyo mmoja. Jumamosi angepita kuhakiki. Akikuta kila mtu anajipikia, angewaandika mbalimbali.

Basi Merina akawaeleza wasichana. Shadia, ambaye hubishana hata na redio, safari hii hakubisha, akaenda zake kununua jiko la mkaa. Tangu Alhamisi uani kukawa na moshi wa namna mbili. Wakipakua, wanamwambia "Karibu, Bibi," kwa adabu, kama anavyoambiwa mpita njia. Merina anajibu "Ahsante, kuleni," na moyo unamuuma.

Jumamosi mchana alichemsha maji, akamimina unga, akasonga. Mwiko ulipomkazia mkononi ndipo alipotazama sufuriani. Ugali wa watu wanne. Alipakua hivyo hivyo kwenye sinia, akabaki anautazama, hajui aucheke au aulilie.

"Hodi! Shikamoo, Bibi." Leodgar alikuwa mlangoni. Akatupa macho kwenye jiko la wasichana kule uani, akatabasamu. "Naona sasa kila mtu na chungu chake."

"Marahaba. Ndiyo."

"Na huu ugali?"

"Wangu."

"Wote?"

Harufu ya wali ulioungua ilikuwa ikitoka upande wa wasichana, nao wametega masikio huku.

"Sijui, baba," Merina alisema. "Sielewi hesabu yako, na yangu pia imenipotea. Huu mkono ndio unaojua." Kisha akapaza sauti: "Shadia! Njooni, unapoa!"

Hawakungoja kuitwa mara ya pili. Shadia alikuja na kata ya maji ya kunawa, macho mekundu, akisingizia moshi.

"Bibi," Leodgar alisema taratibu, "itabidi niandike wanne."

"Andika. Ukimaliza, unawe mikono."

Wiki iliyofuata orodha mpya ilibandikwa ofisi ya mtaa. Merina aliisoma kwa kidole, juu hadi chini, kisha akarudia. Jina lake halikuwamo. Akajiuliza alitajirika siku gani. Halafu akapita duka la dawa, akaomba wamkatie vidonge vya siku tano badala ya thelathini, akanunua na unga, akarudi kupika.