Slaidi Iliyobaki Bluu

Mdogo wangu alipokatwa titi, kwenye hospitali ya mtu binafsi pale Tukuyu mjini, mimi nilikuwa fundi wa maabara Dar es Salaam na nilijiona nimefika. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kinaingia nchini, kuanzia mitumba hadi simu za mkononi. Hata maabara kwetu kikaingia kichupa cha kingamwili, kilichosafiri ndani ya barafu kutoka Ulaya.

Kazi yake naweza kuieleza hata nikiwa na hasira, na bado ninazo. Juu ya seli kuna kimeng'enya kinachopokea amri kutoka nje na kuipitisha ndani: kua, gawanyika. Kikizidi, seli haipumziki, na aina moja ya kansa ya titi huanzia hapo. Kingamwili ile ilikitafuta kimeng'enya hicho peke yake na kukikamata. Ukiongeza rangi, kilipo panakuwa kahawia, na kisipokuwapo panabaki bluu. Watafiti walioileta walikuwa pia na dawa mpya, ghali ajabu, na mwanamke ambaye kipande cha uvimbe wake kingetoka kahawia angepewa bure. Mkuu wangu wa kazi alikubali mdogo wangu naye apimwe.

Siku hizo nyama iliyotolewa kwa mgonjwa alikabidhiwa ndugu, aipeleke mwenyewe inakopimwa. Daktari alimpa mama kile kipande kikiwa ndani ya kopo la formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, akamwelekeza alipeleke kwa kondakta wa basi la Dar. Nikawa nashinda stendi ya Ubungo kila jioni, nawagombeza makondakta wa watu bure. Nilipopiga simu kwa jirani yetu, mama akaitwa, akasema mzigo upo, nisiwe na wasiwasi.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi. Nilimkuta mama nyumbani Kisondela anamenya ndizi. Wala hakunificha. Alikuwa ameimwaga ile dawa inayowasha macho, akakiosha kipande kwa maji safi, akakifunga kwenye kanga yake na kukizika migombani, alikozika kondo la nyuma la kila mtoto aliyemzaa.

"Gwe mwanangu," aliniambia, "mwili wa mtu hautumwi kwa basi kama ndizi. Na waliomkata walishaona. Mlitaka kuona nini tena?"

Nampenda mama yangu, lakini siku ile nilitamani kumtukana. Nikachukua jembe. Mvua haikuwa imekatika tangu mgonjwa alazwe, na udongo wa kule ukilowa hauhifadhi kitu. Mama alisimama pembeni analia, ananiomba nisimfukue mwanawe, nami nikachimba. Nilichokikuta sitakieleza. Nilikata sehemu iliyoonekana bado imara, nikaitia kwenye formalini mpya, nikarudi nayo Dar.

Mkuu wangu aliitazama kwanza slaidi, kile kioo tulichobandika utando wa nyama ile, kisha akanisogezea hadubini. Bluu tupu. Slaidi ya mgonjwa mwingine, tuliyoipaka pamoja nayo, ilikuwa kahawia safi, kwa hiyo kingamwili yenyewe ilikuwa nzima. Alisema kwa upole kwamba hakuna awezaye kujua kama kimeng'enya hakikuwapo, au kilikuwapo kikaoza pamoja na nyama. Kwa kipimo cha namna hiyo watafiti wasingetoa dawa. Nikamuuliza kuhusu kukata kipande kingine. Akaniuliza kama kimebaki cha kukata, nikakumbuka kwamba daktari aliondoa titi lote.

Mdogo wangu nilimfuata nyumbani kwake Msasani, ile ya Tukuyu, nikamweleza yote. Alikuwa mtu mzima, ana genge lake, hakupenda kubembelezwa. Alisikiliza huku anapanga nyanya, kisha akauliza kama mama anajua kwamba udongo ndio ulioharibu. Nikasema bado hajui.

"Basi, dada, mwambie hicho kitu hakikuwamo," alisema. "Mwambie mlitazama vizuri, hakikuwamo."

Nilibisha sana. Nilitaka mama ajue. Mdogo wangu akasema yeye ndiye mgonjwa, kwa hiyo nimwachie hilo. Nikaenda Kisondela, nikamwambia mama kama nilivyotumwa, na mama akakaa chini, akashusha pumzi.

Ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu. Wakati huo watafiti walishafunga mradi na kuondoka na dawa yao. Mdogo wangu alikufa kabla migomba ile haijazaa tena. Msibani, kila mwanamke aliyekuja kutupa pole, mama alimweleza kwamba walau mtoto wake alipimwa Dar es Salaam kwa dawa ya Ulaya, dada yake mwenyewe akatazama, na kile kitu hakikuwamo. Kisha ananigeukia nithibitishe, na mimi nathibitisha.