Bahasha Juu ya Birika

Sanduku la posta lilikuwa mali ya shule, lakini ufunguo wake ulikaa shingoni mwa Mwalimu Mapendo, umefungwa kwa uzi mweusi. Kila Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho alipanda baiskeli kutoka Ujiji hadi posta ya Kigoma mjini, akafungua kile kimlango cha chuma, akarudi na barua za nusu ya mtaa. Wavuvi wenye ndugu ng'ambo ya ziwa, wajane, wakimbizi wasio na anwani, wote waliandikiwa kwa namna moja: jina la mtu, sanduku la shule, na chini yake "kwa mkono wa Mwl. Mapendo". Kwa miaka kumi na moja haikupotea barua hata moja. Watu walimwamini, naye alilijua hilo na kulifurahia.

Mwanzoni mwa mwaka 1996 sanduku lilianza kuleta bahasha nene za kaki kutoka Dar es Salaam. Chuo kimoja cha masomo kwa njia ya posta kilikuwa kimeanzisha kozi ya fizikia ya mwanzo kwa watu wazima. Vijitabu vilikuwa sita, kimoja kila mwezi, na ndani yake hesabu zilikuwa chache mno. Mwanafunzi alisoma, akajibu maswali kwa maneno yake, akatuma. Majibu yalikwenda kwa treni, yakasahihishwa, yakarudi kwa treni. Mwisho wa kozi, mwanafunzi mmoja kutoka kila mkoa angeitwa Tabora kwa wiki tatu ili ashike vifaa vya maabara kwa mikono yake na kurudi na cheti.

Mapendo aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu aolewe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amefundisha sayansi darasa la sita kwa kuchora themometa ubaoni, na siku zote aliichora kwa namna ile ile, kwa sababu hakuwahi kuiona nyingine zaidi ya ile ya hospitali.

Mkoa mzima walijiandikisha watu wawili tu. Wa pili alikuwa Inamahoro, msichana wa Kirundi wa miaka ishirini na mbili, aliyekimbia mwaka 1993 akiwa bado sekondari na sasa akiishi kijiji cha Simbo kwa baba yake mdogo, Mzee Nyabenda, aliyehamia huko miaka mingi kabla yake. Inamahoro alikamua mawese. Kila Jumatano alileta madumu sokoni Ujiji, kisha akapita shuleni kuchukua bahasha yake na kuacha ile iliyojaa majibu. Mapendo ndiye aliyemwambia habari za kozi. Tena ndiye aliyemjazia fomu, kwa huruma, kwa kuwa msichana alikuwa na akili na hakuwa na la kufanya nayo.

Zoezi la kwanza liliporudi, huruma ilianza kupungua.

Msahihishaji wao alijitambulisha kwa jina la Telesphory na aliandika kwa wino wa kijani. Kwenye karatasi ya Mapendo palikuwa na alama sita kwa kumi na mstari mmoja: "Sahihi, lakini hii ni kanuni ya kitabu. Wewe umeona nini?" Kwenye karatasi ya Inamahoro, alama zilikuwa tisa, na wino wa kijani ulijaza pambizo kutoka juu hadi chini.

"Ameandika nini humo kote?" Mapendo aliuliza, akijitahidi kuonekana anapanga madaftari.

"Ananiuliza maswali tu, mwalimu. Nilimwandikia kwamba dumu la mawese likianguka ziwani linaelea hata likijaa. Anataka kujua linazama kiasi gani, na kama nimepima."

"Umepima?"

"Nitapima kesho." Inamahoro alicheka. "Baba mdogo atasema nimepata wazimu."

Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo. Mwezi wa tatu Mapendo alipata saba na neno "Afadhali". Inamahoro alipata tisa na nusu, na mchoro mdogo wa kijani wa mtumbwi. Mchoro huo ulimchoma Mapendo kuliko alama. Alifika nyumbani akaitupa baiskeli ukutani.

Mume wake, Asumani, alikuwa fundi wa injini za boti. Alikuwa uani akisafisha plagi kwa brashi.

"Leo nani kafa?" aliuliza.

"Amemchorea mtumbwi."

"Nani kamchorea nani?"

"Telesphory. Kamchorea Inamahoro."

Asumani aliiweka plagi chini. "Mama Ramla, hebu nikuelewe. Kuna mwanamume Dar es Salaam hujamwona, hujui kama ana meno, na wewe unamwonea wivu kwa sababu kamchorea msichana wa watu mtumbwi?"

"Simwonei mtu wivu. Nasema tu si haki. Mimi najua kanuni zote."

"Basi mwambie akuchoree injini. Mimi nitamkosoa."

Aliendelea kucheka peke yake hadi chai ikapoa. Mapendo hakucheka. Usiku alijipimia tena: yeye ana cheti cha ualimu, ana vitabu vitatu vya sayansi, mwandiko wake ni mzuri. Yule anaandika kwa kalamu inayovuja, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi, karatasi zake zina alama za vidole vya mafuta. Kwa nini aandikiwe yeye?

Zoezi la nne lilihusu joto. Swali kubwa lilisema hivi: barafu huelea juu ya maji, taja kitu kingine kinachoganda, ueleze kama kinaelea au kinazama ndani ya umajimaji wake, na unadhani ni kwa nini. Mapendo alilizunguka swali hilo kwa siku nane. Vitabu vyake vitatu vilizungumza juu ya barafu tu.

Jumatano Inamahoro alifika, akampa shikamoo, akaacha bahasha yake mezani. Ilikuwa imefungwa kwa uji wa muhogo, kwa sababu gundi ya bahasha za dukani haikuwa ikishika.

"Hili la nne limenipendeza," alisema. "Wewe umelimaliza?"

"Zamani," alisema Mapendo.

Alipaswa kuzituma zote mbili kesho yake. Jioni ile, watoto wakiwa ziwani kuoga na Asumani akiwa Kibirizi kwenye boti ya mtu, aliinjika birika juu ya jiko la mkaa. Maji yalipochemka aliishika bahasha ya Inamahoro juu ya mdomo wa birika.

Hakuwahi kutazama kitu kwa makini namna ile. Alihofia karatasi isichanike na wino usivuje, hivyo aliinamisha uso hadi karibu kabisa. Pale penye mdomo hapakuonekana kitu, kama vile pako wazi. Moshi mweupe ulianzia juu kidogo, upana wa vidole viwili. Bahasha ilipogusa ule weupe haikulowa mara moja. Kwanza yalitokea matone madogo sana kama jasho, kisha karatasi ikawa ya moto, kisha uji wa muhogo ukageuka kutoka mweupe kuwa wa kioo na kuanza kuteleza. Alisogeza kidole ili aunyanyue ukingo, kidole kikapita pale palipoonekana hapana kitu. Aliungua, akaendelea.

Ndani, Inamahoro alikuwa ameeleza mawese. Alfajiri za mwezi wa sita, aliandika, dumu likilala nje kwenye baridi, mafuta hugawanyika. Yaliyoganda hukaa chini kama mchanga, na mepesi hubaki juu, mekundu na angavu. Kwa hiyo mawese hayafanyi kama maji. Alidhani kwamba mafuta yakiganda hujibana na kuwa mazito, wakati maji yakiganda hujitanua.

Mapendo alikuwa amekula mawese maisha yake yote. Alikuwa na chupa ya mawese nyuma yake, juu ya kabati. Aligeuka akaitazama, nayo ilikuwa vile vile msichana alivyosema.

Alichukua karatasi safi akaandika jibu lake, juu ya chupa badala ya dumu. Kisha alikoroga uji wa muhogo, akaifunga bahasha ya mwenzake vizuri, na kesho yake akazipeleka zote.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Zilikuwa barua mbili zenye maneno yale yale, hazikuwa na alama.

"Nimeletewa mawese yale yale na watu wawili," aliandika Telesphory kwa kijani. "Sanduku la posta ni moja, mfano ni mmoja, hata mpangilio wa hoja ni mmoja. Mmoja wenu alitazama na mwingine alinakili, nami kutoka huku siwezi kujua ni nani. Nafasi ya Tabora sitampa yeyote kwa kubahatisha. Kila mmoja aniandikie jambo jipya la joto aliloliona kwa macho yake, ambalo mwenzake hakuliona. Mtume ndani ya bahasha moja, mkiwa mmesomeana. Nisipopata kabla ya mwisho wa Septemba, nafasi ya Kigoma itakwenda mkoa mwingine."

Inamahoro aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Alikunja uso kidogo, kisha ukakunjuka.

"Huyu naye," alisema. "Nani Kigoma hana mawese? Tumeona kitu kimoja tu, mwalimu. Ningekuwa na akili ningechagua kingine. Unisamehe."

"Nikusamehe wewe?"

"Si nimekuharibia?"

Mapendo alisema ana kipindi, akatoka. Hakuwa na kipindi. Alikaa nyuma ya vyoo vya shule akiwa na barua mkononi, na wivu ukamjia upya, mkali kuliko wa mtumbwi, kwani sasa aliona kwamba msichana yule alimzidi hata katika jambo ambalo halikufundishwa kwenye kijitabu chochote.

Kwa siku kumi alitafuta kitu cha kuandika. Aliamka mapema akatazama chai, akatazama sabuni, akatazama mchanga unaoanikiwa dagaa unavyowaka mchana na kupoa haraka jioni. Kila alichokitazama, alipokaa kuandika, maneno yalitoka kitabuni. Siku ya kumi na moja alitazama kidole chake cha shahada. Ngozi ilikuwa imeshabanduka na kuota mpya, ya waridi. Alijua basi kwamba kipo kitu kimoja tu duniani alichokitazama sawasawa, na mwenzake hakukiona.

Aliandika kurasa mbili. Aliandika juu ya pengo lile la vidole viwili kwenye mdomo wa birika, ambako mvuke upo lakini hauonekani, na kwamba ule weupe watu wanaouita mvuke ni maji yaliyokwisha kurudi kuwa matone. Aliandika jinsi matone yalivyotokea juu ya karatasi baridi, na jinsi karatasi ilivyopata moto wakati huo huo, na kwamba alidhani mvuke ukirudi kuwa maji hulitua joto lake pale unapogota. Ndiyo maana kidole kiliungua vibaya. Aliandika gundi ilikuwa ya nini, bahasha ilikuwa ya nani, na alichokisoma ndani. Hakuweka kanuni hata moja.

Jumatano alimpa Inamahoro asome, kwa kuwa barua ilisema wasomeane. Msichana aliketi kwenye benchi na madumu matupu miguuni. Alisoma polepole. Alipofika ukurasa wa pili alirudi wa kwanza.

"Kumbe ni wewe," alisema mwishowe.

"Ni mimi."

"Mimi nilikuja hapa nikijua kwamba kuna mtu mmoja nchi hii anayeshika barua yangu na haifungui."

Mapendo alivua uzi mweusi shingoni akauweka juu ya benchi, na ufunguo wake.

"Nikae nao Simbo niufanyie nini?" alisema Inamahoro. "Vaa." Alirudisha macho kwenye karatasi. "Na kidole kiliungua chini ya ule weupe? Pale pasipoonekana kitu?"

"Pale pale."

"Sikuwahi kujua." Alisema hivyo kama anayelalamika. Kisha alitoa jibu lake, lililohusu vyungu, na wakafunga bahasha moja kwa uji wa muhogo wa shule.

Majibu yalifika katikati ya Oktoba. Nafasi ya Tabora alipewa Inamahoro. Barua yake ilikuwa ya mistari minne, pamoja na tarehe ya kuripoti na karatasi ya kuombea kibali cha kusafiri. Mapendo aliisikiliza ikisomwa. Wiki tatu za maabara zilikuwa zimekwenda. Angeendelea kuchora themometa.

Kisha alifungua ya kwake. Alama zilikuwa kumi. Chini yake Telesphory aliandika kwamba nafasi hampi, na sababu anaijua. Kwamba hili ndilo jibu la kwanza lililo lake mwenyewe. Je, aliwahi kuungua kwa maji yanayochemka ili alinganishe, au anakisia tu? Bahasha isiyo na gundi ya muhogo ingefunguka kwa muda gani? Akishika kijiko baridi badala ya karatasi, matone yatakuwa makubwa au madogo? Wino wa kijani ulijaza pambizo zote mbili, ukapindukia nyuma ya karatasi, na mwisho palichorwa birika, lenye pengo la vidole viwili juu ya mdomo wake.

Inamahoro alinyoosha mkono. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, akaligusa lile birika kwa ncha ya kidole. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo Mapendo aliitambua mara moja, kama mtu anavyotambua nguo yake mwilini mwa mwingine.

"Kwangu hajawahi kuandika hadi nyuma," alisema msichana.

"Kweli?"

"Hata mara moja."

Mapendo aliichukua karatasi yake, akaikunja taratibu, akaiweka kifuani karibu na ufunguo. Kisha alimwuliza treni yake inaondoka saa ngapi, akajitolea kumbebea sanduku hadi stesheni kwa baiskeli.