Lugha Iliyobaki kwa Profesa

Juzi niliingia duka la Wahindi kule Springfield kutafuta dengu, nikakuta chupa ya mafuta ya haradali imeanguka na kupasuka. Harufu ile kali ilinipanda puani hadi macho yakalengwa na machozi. Nikasimama katikati ya magunia ya mchele, na kwa muda nikawa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja anayetazama mikono ya mama yake ikikanda miguu ya mzee wa watu.

Mama alikuwa mwalimu Bungoma. Huku Maryland akawa mlezi wa wazee, kazi ambayo wengi wenu mnaijua, au mama zenu waliifanya. Shule zilipofungwa kiangazi kile hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, akamwomba mwajiri wake ruhusa ya kwenda nami kazini. Mwajiri huyo alikuwa mzee wa Kibengali aliyestaafu ualimu wa falsafa chuo kikuu, akiishi peke yake katika mji wa Columbia, kwenye nyumba iliyozungukwa na miti na kujaa vitabu hadi jikoni. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia, lakini ulimi ulikuwa mzima. Akasema nije, mradi nisiwe mtoto wa kukubali kila ninaloambiwa.

Mama alinifundisha nimwite Babu. Siku ya kwanza nilipomwamkia hivyo alicheka hadi akakohoa, akanieleza kwamba kwao Babu ni karani wa ofisini, mwenye miwani na faili kwapani. Akapendelea nimwite Dadu, ambalo ndilo babu kwa Kibengali. Mama hakulizoea. Yeye alimwita Profesa mpaka mwisho.

Asubuhi, Mama akimkanda kwa yale mafuta kama alivyoelekezwa, Profesa alikuwa akitueleza kitabu alichokuwa akikiandika. Alisema wasomi wa Uhindi, yeye akiwamo, walikuwa wamechunguza vijiji vyao, matabaka yao na miungu yao kwa maswali ya kuazima. Waliulizwa na Waingereza, wakajibu vizuri, wakapewa vyeo, na hawakukumbuka kuuliza la kwao. Kitabu chake kiliuliza kama mtu anaweza kufikiri kwa uhuru katika lugha aliyopewa na aliyemtawala. Sura zote zilikuwa zimekamilika isipokuwa ya mwisho, ile ya jibu. Na zote, alisema huku akitazama dirishani, alikuwa ameziandika kwa Kiingereza.

Mama alimwambia kwetu tunasema mwacha mila ni mtumwa. Nilidhani atafurahi. Badala yake alinigeukia akanitaka nimtetee yule aliyeacha mila. Wanafalsafa wa kale wa kwao, alisema, hawakuruhusiwa kumpinga mtu kabla ya kuieleza hoja yake vizuri kuliko mwenyewe. Walianza na "mtu anaweza kusema," wakaijenga hoja ya mpinzani hadi ikasimama imara, ndipo wakajibu. Nikajaribu. Nilisema labda aliyeacha mila alichoka tu. Profesa akanyanyua kidole cha mkono mzima, akasema hiyo ni hoja, niendelee. Nilirudi nyumbani kwetu Laurel nikamweleza Mama hoja zake zote za kunikataza televisheni, moja baada ya nyingine, kwa ufasaha, kisha nikazijibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaizima televisheni.

Nilimjibu Mama kwa Kiingereza, bila shaka. Yeye alisema nami Kiswahili, nami nikajibu Kiingereza, kila siku, na hatukuona ajabu. Profesa naye alizungumza Kiingereza tu na binti yake Mitali, wakili aliyefanya kazi mjini Washington na kuja kila Jumapili. Marehemu mkewe alikuwa ametaka mtoto asisumbuliwe shuleni kwa matamshi, na Profesa hakubisha. Mitali alibaki na Kibengali cha kula, kuoga na kulala.

Majani yalipoanza kupukutika, nami nikienda huko Jumamosi na Jumapili tu kwa sababu ya shule, kiharusi cha pili kilimpata. Aliporudishwa kutoka hospitali, Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Daktari alisema hutokea hivyo, lugha moja ikaondoka na nyingine ikabaki, na kwamba huenda ikarudi, huenda isirudi. Kilichobaki kilikuwa Kibengali, na katika nyumba ile hakukuwa na wa kukielewa. Alisema kwa saa nzima, taratibu, akitutazama mmoja mmoja. Mama alijibu kwa Kiswahili, kwa kuwa sasa lugha yoyote ilikuwa sawa. "Ndiyo, Profesa. Nakusikia, Profesa." Mimi nilitoka nikaenda kukaa bafuni. Sikuweza kuyavumilia yale macho yaliyosubiri.

Mitali aliamini baba yake anaisema sura ya mwisho. Jumapili moja asubuhi alimpigia simu shangazi yake Kolkata, dada wa Profesa, akaiweka simu juu ya blanketi. Shangazi alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kutafsiri, kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Anabishana na mtu," alisema. "Anasema, mtu anaweza kusema lugha ni mlango tu, aliyekwisha kupita salama hana haja ya kuubeba mgongoni. Anasema, mtu anaweza kusema mtoto hakuomba kuzaliwa ugenini, basi asilaumiwe."

Mitali alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. "Muulize jibu lake ni lipi."

Shangazi akauliza. Profesa aliigeukia simu. Kisha akasema neno moja, akalirudia.

"Anasema subiri," shangazi akatuambia.

Tukasubiri. Akasinzia. Alipoamka alianza upya, kwenye mtu anaweza kusema, akaijenga hoja ya mpinzani wake hadi juu, na alipofika mahali pa kujibu akasema subiri. Ilikuwa hivyo siku zile zote. Shangazi mwenyewe alichoka kutafsiri, akawa analia tu kwenye simu.

Siku moja Mitali alilirudia lile neno la subiri, kwa Kibengali, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. Profesa alikunja uso. Akalitamka tena, polepole, akimwonyesha midomo. Mitali akajaribu. Profesa akatikisa kichwa, hapana, akalitamka tena. Walikaa hivyo hadi supu ikapoa mkononi mwa Mama, mwanamke mzima wa suti akifundishwa neno moja na baba yake, na sijui kama alilipata sawasawa.

Alifariki kabla ya theluji ya kwanza. Kitabu hakikuchapishwa. Baada ya mazishi Mitali alimuuliza Mama anadhani jibu lingekuwa nini. Mama alimshika mkono akasema, "Pole, dada. Sijui."

Wakati ule niliamini kwamba jibu lilikuwepo, limekamilika kichwani mwa mzee, na kwamba bahati mbaya tu ndiyo iliyoziba njia. Sasa nadhani hakuwa nalo. Nadhani alimtetea mpinzani vizuri mno kwa sababu mpinzani alikuwa binti yake, na hakupata moyo wa kumshinda.

Mama amezeeka. Wiki iliyopita mwanangu alimpigia simu kumweleza mchezo wa mpira shuleni, nami nikasikia sauti ya Mama ikitafuta maneno ya Kiingereza, ikisita, ikicheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha, mwalimu yule aliyekuwa akisimamisha darasa zima kwa sentensi moja. Nikaichukua simu nizungumze naye kwa Kiswahili. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikafungua kinywa, na maneno yaliyonijia yalikuwa ya kula, kuoga na kulala.